Karatasi Mbili Juu ya Diski

Wakati wa likizo, Chapuchapu alikuwa na kazi tatu kila asubuhi: kuchota ndoo mbili za maji kwenye bomba la nyuma, kufagia vyumba viwili, na kuosha vyombo vya jana. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Nyumbani na mtaani binti huyu aliitwa Chapuchapu kwa sababu alifanya kila jambo upesi, na jina hilo alilipenda. "Mtume dukani huyo," majirani walisema. "Tema mate chini, hayajakauka ameshafika."

Ijumaa hiyo ilikuwa na kazi ya nne. Juu ya meza ya sebuleni, kompyuta ya nyumbani ilikuwa imefunguliwa ubavuni, na matumbo yake yote yalikuwa yamepangwa juu ya gazeti: feni, nyaya, vibao vidogo, na diski mbili za kuhifadhia kazi.

Siku tano kabla, umeme ulikatika kisha ukarudi kwa kishindo. Taa ya sebuleni ilipasuka, na kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa kompyuta. Aliichunguza akasema kilichokufa ni ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, unaounganisha kila kitu ndani ya kasha. Alhamisi jioni alikuja na ubao mwingine mpya, akaanza kuondoa ule ulioungua.

Mjomba alikuwa na desturi yake. Hakutoa kitu bila kukiandika. Alikata vipande vya selotepu ya karatasi, akaandika kwa kalamu, akabandika: hii kebo ya umeme, hii ya feni, huu waya wa swichi. "Fundi anayetegemea kichwa," alisema, "kichwa kikichoka, kazi imekwisha."

Zile diski mbili zilikuwa pacha. Kampuni moja, ukubwa mmoja, weusi mmoja. Juu ya moja aliandika MFUMO, juu ya nyingine PICHA.

"Tazama," alimwambia Chapuchapu. "Hii ya MFUMO ndiyo yenye programu inayoiamsha kompyuta, na kazi ya mama yako imo humu. Hii ya PICHA ni stoo tu. Humo mna picha za marehemu bibi yako, haina uwezo wa kuamsha chochote. Kesho asubuhi nifutie vumbi. Kwa kitambaa kikavu. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Nimesema nini?"

"Kikavu!"

Kazi ya mama ndiyo iliyomfanya mjomba ahangaike hivyo. Mama alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa alisimama kwenye mvuke, akitumbukiza shuka za wodi kwenye mapipa ya maji ya moto, hata vidole vyake vilikunjamana vikabaki hivyo. Shule aliiacha akiwa darasa la sita. Mwaka juzi alijiandikisha masomo ya jioni chuoni, akakaa dawati moja na vijana waliomwita "mama" hata walipomwazima rula. Ili apewe cheti, na kwa cheti hicho aondoke kwenye mvuke awe karani wa stoo ya hospitali, alitakiwa kuwasilisha kazi ya mradi iliyopigwa chapa, hata ikiwa ndani ya flashi. Yake ilihusu namna ya kufua shuka za wagonjwa ili zisieneze maradhi. Aliiandika kwa miezi saba, kwa vidole viwili, kurasa thelathini na nne. Siku ya mwisho ya kuipokea ilikuwa hiyo Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Ambaye angechelewa angerudia mwaka mzima.

Nakala nyingine haikuwepo. Mama alikuwa nayo kwenye flashi, lakini flashi hiyo aliisahau katika mfuko wa aproni, akaifua mwenyewe pamoja na shuka arobaini za wodi ya wanaume.

"Dada, wewe ni dobi wa kweli," mjomba alimtania siku ile. "Unafua mpaka maandishi."

Mama alicheka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kulia.

Basi, asubuhi hiyo mama alipokwisha kwenda kazini, Chapuchapu alikaa mezani na kitambaa kikavu. Mgongo ulimuuma kwa ajili ya ndoo. Vumbi la kompyuta lilikuwa limeganda kama masizi ya sufuria. Ukilipangusa huku linahamia kule. Dirishani akatokea rafiki yake wa nyumba ya pili, msichana aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima.

"Bado tu? Wenzako tumeshagawana timu! Unasugua nini, maiti?"

"Vumbi haliishi."

"Lowesha kitambaa, mwenzangu. Hata meza tunafuta kwa maji."

"Mjomba amesema kikavu."

"Kwani maji matone mawili yatamwambia mjomba?"

Chapuchapu alichovya ncha ya kitambaa, akakikamua sana, akafuta. Kweli, vumbi lilitoka mara moja. Alifuta feni, akafuta kasha, akafuta diski ya kwanza na ya pili. Alipoinua kitambaa, vile vipande viwili vya karatasi vilikuwa vimenata juu yake, vimelowa. MFUMO na PICHA vilikuwa kwenye kitambaa, na diski zilikuwa uchi, nyeusi, zimefanana kama punje mbili za kunde.

Alizigeuza huku na huku. "Ipi ilikuwa ipi?"

Redio aliingiza kichwa dirishani. "Ya kushoto ndiyo MFUMO."

"Una hakika?"

"Au ya kulia. Ulipozigeuza sikutazama. Bandika tu, bwana! Ziko mbili, ukikosa hii umepata ile."

Chapuchapu alizikausha diski kwa kanga, akakata vipande vipya vya selotepu, akaiga mwandiko wa mjomba, herufi kubwa zilizolalia upande. Akabandika MFUMO hapa, PICHA pale. Akakimbilia mchezoni.

Mjomba alifika saa nne, begi begani, macho mekundu. Siku tatu alikuwa akitengeneza kompyuta za watu mchana na kuutafuta ubao huu jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umefuta?"

"Nimefuta."

"Kikavu?"

Hapo ndipo mtoto angeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini mjomba alikuwa amekwisha kuinama akiisifu feni, "Safi sana, imeng'aa," na sifa ile ilikuwa tamu.

"Kikavu," alisema.

Mjomba alifunga ubao mpya skrubu baada ya skrubu, akisoma karatasi zake na kurudisha kila waya mahali pake. Saa tano na nusu alibonyeza swichi. Feni ilizunguka. Skrini ikawaka, na Chapuchapu akapiga makofi. Kisha juu ya weusi ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe.

"Inasema nini?"

"Inasema haikuona diski ya kuiamsha." Mjomba hakushtuka. "Kawaida hiyo. Ubao ni mgeni, hauijui nyumba yetu. Njoo ukae hapa nikuonyeshe."

Alibonyeza kitufe, ukafunguka ukurasa wa mipangilio wenye orodha ndefu. "Kompyuta ikiwashwa ni kama mgeni anayebisha hodi nyumba kwa nyumba akimtafuta mwenyeji wake. Orodha hii ndiyo inamwambia aanze mlango gani. Hapa imeandikwa aanze kwenye flashi. Flashi hatujachomeka. Kisha aende kwenye mtandao. Mtandao hatuna. Mwenyeji wetu ni nani?"

"Diski ya MFUMO."

"Ee. Basi tumpeleke huko moja kwa moja." Akaipandisha diski juu ya orodha, akahifadhi, akawasha upya.

Mstari ule ule mweupe ukarudi.

Mjomba alikuna kidevu. "Haya. Nikitafuta kosa napunguza vitu. Mlango ukiwa mmoja, mgeni hapotei." Akachomoa diski yenye karatasi ya PICHA, akaiweka pembeni juu ya kitambaa, akiishika kwa mikono miwili kama yai, akaiambia kama anayezungumza na marehemu mama yake: "Wewe kaa huku mama yetu, usije ukaumia."

Chapuchapu aliitazama diski ile iliyowekwa pembeni.

Adhuhuri ilikuwa ndefu. Mjomba alibadili kebo ya diski. Alitoa betri ndogo ya ubao, mviringo kama kifungo cha koti, akahesabu taratibu mpaka sitini, akairudisha. Alihamisha diski kutoka tundu la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu. Kila mara alipanga upya orodha ya milango, na kila mara mstari mweupe ulirudi, bila hasira, bila huruma. Alikuwa akizungumza alipoanza. Kufikia saa saba alikuwa akipumua tu.

"Mjomba, hutakula?"

"Nikila nitalala."

Saa nane mama aliingia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kuvua viatu. Nguo zake zilinuka sabuni ya unga na mvuke. Aliitazama skrini, akautazama uso wa mdogo wake, akaelewa.

"Bado, dada," mjomba alisema.

"Naona."

"Nashindwa kuelewa. Diski inazunguka, ubao unaiona, lakini ndani yake hauoni mfumo. Kama vile haikuwahi kuwekewa."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Chapuchapu kama mwiba. Haikuwahi kuwekewa. Aliondoka polepole, akatoka uani. Redio alikuwa amekaa kwenye kizingiti akimenya muwa.

"Uso wako vipi? Umemeza kijiko?"

"Nadhani tulizibadilisha."

"Tulizi... nani? Mimi nilikuwa dirishani!" Redio alisogea, akapunguza sauti, jambo ambalo lilikuwa nadra. "Sikiliza. Ukisema, mjomba wako atajua na ya kitambaa, atajua na ya kubandika. Makosa matatu kwa mkupuo. Nyamaza. Yeye si fundi? Mafundi hupata wenyewe."

Chapuchapu alirudi ndani akinyamaza. Alijiambia kwamba labda aliotea sawasawa. Nusu kwa nusu. Labda diski imeungua kweli, na akisema atakuwa amejichongea bure. Alikaa kwenye mkeka akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alizikunja taratibu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini leo anachelewa.

Saa tisa na nusu mjomba aliweka bisibisi chini. Hakuitupa, aliilaza, kama mtu anayelaza silaha.

"Dada, nina njia moja imebaki. Nadhani ule umeme uliharibu mfumo ndani ya diski. Ninayo flashi ya kuweka mfumo mpya. Naweza kuuweka juu ya ule wa zamani."

"Na kazi yangu?"

"Mara nyingine faili zinabaki. Mara nyingine zinafutika zote. Sitaki kukudanganya, ni kubahatisha. Kungekuwa na siku mbili, ningeipeleka diski kwa mtu mwenye vifaa akaisoma kwanza. Lakini leo..."

Mama alitazama saa ya ukutani. Kutoka nyumbani hadi chuoni ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, na chumba kizima kikatulia kana kwamba nacho kilikuwa kikisikiliza. Kisha akasema, bila kufumbua, "Mungu wangu, nimefika mwisho wa nguvu zangu, wewe hujafika mwisho wa zako." Akafumbua. "Fanya, mdogo wangu. Ikipotea, imepotea. Nitarudia mwakani."

"Mwakani utakuwa na miaka arobaini, dada."

"Hata nisiporudia nitakuwa nayo."

Mjomba alitabasamu kwa shida. Akachomeka flashi, akapanga orodha mgeni aanzie kwenye mlango wa flashi. Safari hii skrini ilitii. Ukatokea ukurasa wa buluu ukiuliza kama ana hakika. Kidole cha mjomba kilikwenda juu ya kitufe.

Chapuchapu aliona kidole hicho. Aliona pia miguu ya mama, iliyovimba juu ya mikanda ya viatu. Aliinuka, nguo zikaanguka.

"Mjomba, usibonyeze!"

Wote wawili waligeuka.

"Kwa nini?"

Alitaka kusema polepole, kwa mpangilio, lakini yalitoka kama maharage yanayomwagika gunia likitoboka. "Nilitumia kitambaa cha maji. Karatasi zikabanduka. Zote mbili. Nikaandika nyingine mwenyewe. Sijui kama nilibandika sawa. Nilibahatisha tu. Labda hiyo si ya MFUMO. Labda ni ya bibi."

Feni pekee iliendelea kuzunguka. Mjomba aliondoa kidole juu ya kitufe, taratibu sana, akakificha ndani ya kiganja cha mkono wa pili.

"Wewe mwenyewe uliandika hizi?"

"Ndiyo. Niliiga mwandiko wako."

"Na sasa, ukiziangalia, hujui ipi ni ipi?"

"Sijui, mjomba."

Mjomba alivuta pumzi ndefu. "Hilo neno moja," alisema, "ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu saa tano na nusu."

Alizima kompyuta, akachomoa flashi, akaichukua ile diski ya pembeni akaiunga kwenye tundu lililokuwa wazi. Sasa zilikuwa zote mbili ndani. Akawasha. Mstari mweupe ukarudi, na Chapuchapu akashika pembe ya meza.

"Tulia," mjomba alisema. "Ubao huu ukibisha hodi kwenye diski ya kwanza ukakuta hakuna mtu, hauendi ya pili. Mvivu. Lazima tuupeleke." Akafungua orodha, akaishusha diski moja, akaipandisha nyingine juu kabisa. Akahifadhi, akawasha tena.

Weusi. Kisha nembo ya mfumo ikajitokeza, nukta zikaanza kuzunguka, mama akashika ukingo wa kiti. Ghafla skrini ikageuka buluu, kompyuta ikajizima na kuanza upya.

"Imekufa?" mama aliuliza.

"Imeamka, dada! Imeamka, imeshtuka tu kuona uso mgeni." Mjomba alikuwa amesogeza kiti mbele, uchovu ulikuwa haujamtoka, lakini ulikuwa umempisha njia. Alirudi kwenye mipangilio, akatafuta mstari mmoja unaoeleza namna ubao unavyozungumza na diski, akaurudisha kwenye namna ya zamani iliyozoewa na diski ile. "Haya sasa. Zungumza naye kwa lugha anayoijua."

Akawasha mara ya tatu. Nembo, nukta, kisha kimya kirefu. Kisha ukurasa wa kompyuta yao, ule ule wa siku zote, na katikati yake faili moja ambalo mama alikuwa amelipa jina la SHUKA.

Mama alisimama, akaligusa jina lile kwenye kioo kwa kidole chake kilichokunjamana, kama mtu anayegusa paji la mtoto kuona kama homa imeshuka.

Mjomba alihamishia faili kwenye flashi yake ile, akalifungua huko kuhakikisha, akahesabu kurasa mpaka ya thelathini na nne. "Nenda, dada. Na hii usiiweke kwenye aproni."

"Nitaishika mkononi," mama alisema. Alikuwa bado na viatu. Saa kumi na robo alikuwa barabarani, mwanamke mnene kidogo anayetembea upesi akiwa amekunja ngumi moja.

Ndani, mjomba alifungua diski ya pili kuona kama nayo ni nzima. Ilikuwa nzima. Picha ya bibi ikajaa skrini: amekaa kwenye kiti cha plastiki, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua, anacheka. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo ningeifuta," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Hapo Chapuchapu alilia, na mjomba alimwacha alie. Alipomaliza, alimpa kitambaa, kikavu.

"Umenikasirikia, mjomba?"

"Nimechoka, mama. Mtu aliyechoka hivi hana nafasi ya hasira." Alianza kukusanya skrubu moja moja. "Lakini nikuambie. Karatasi kubanduka si neno, zinabanduka kila siku. Ungeniachia diski zisizo na karatasi, ningejua kwamba sijui, ningejaribu zote mbili, saa sita tungekuwa tumekula. Ukaniwekea karatasi ya uongo. Ile haikunifichia tu njia, ilinizuia nisiitafute. Siku nzima sikujaribu ile diski kwa sababu mwandiko wangu mwenyewe uliniambia nisijaribu. Unaona ubaya wake?"

"Naona."

"Na ulipoona nahangaika?"

"Nilitaka kusema. Nikaona nimeshachelewa."

"Hujachelewa mpaka kidole kibonyeze," mjomba alisema. "Na hata kikibonyeza, sema tu."

Mama alirudi saa moja. Alileta kipande cha karatasi chenye mhuri, akakilaza mezani, na mjomba akakisoma kwa sauti: imepokelewa, saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mjomba aliinamisha kichwa juu ya meza na kucheka mpaka akakohoa. Kisha akala wali uliopoa akiwa amesimama, akaaga, akaenda kulala kwake.

Chapuchapu alimvua mama viatu, akaleta beseni la maji ya vuguvugu. Alikuwa akingoja kugombezwa. Alikuwa akitamani kugombezwa, yaishe. Mama aliweka miguu ndani ya maji, akafumba macho.

"Kule darasani," mama alisema, "mwalimu aliniuliza swali siku ya kwanza. Swali rahisi, la kugawanya. Sikulijua. Nikabahatisha jibu, kwa sauti kubwa, ili wale vijana wasinicheke. Mwalimu akadhani najua, akaendelea mbele. Wiki tatu sikuelewa kitu, kwa sababu ya jibu lile moja nililobahatisha."

"Ukafanyaje?"

"Nikanyoosha mkono. Miaka thelathini na saba, mtu mzima, nikasema mwalimu, sijui kugawanya. Walicheka kidogo. Kisha akanifundisha." Alifumbua jicho moja. "Hata shule ya utotoni, mwanangu, sikuiacha kwa ajili ya ufukara tu. Niliona aibu kusema sijui. Neno hilo dogo limenigharimu zaidi ya miaka ishirini. Wewe leo limekugharimu siku moja. Ulisema ukitetemeka, lakini ulisema kabla hakijaharibika kitu. Kesho lisemeni mapema, wewe na ulimi wako."

"Nitasema, mama."

"Na kwa mjomba wako utakwenda asubuhi, umwombe radhi vizuri, usikimbilie. Maneno ya radhi hayana haraka."

"Nitakwenda."

"Basi tumshukuru Mungu tulale." Mama aliunganisha mikono yake juu ya mapaja. "Ee Mungu mwema, umetutoa asubuhi umetufikisha jioni. Asante kwa kazi, asante kwa ndugu yangu na mikono yake. Asante kwa mtoto huyu aliyepata ujasiri, kwani ungeweza kumnyima..."

Sauti ilififia. Chapuchapu alingoja. Kichwa cha mama kilikuwa kimelala begani, miguu bado ndani ya beseni, na pumzi yake ilikuwa nzito na ya amani.

Alimkausha mguu mmoja, kisha wa pili, bila haraka yoyote. Halafu, kwa kuwa sala ilikuwa imebaki wazi, aliimalizia yeye kwa sauti ya chini.

"Amina."